Sailensa inayopanda na kushuka: shajara ya Carina Ti ya mwaka 1998

Gari ni Toyota Carina Ti, bodi AT212, ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1,498, gia za otomatiki. Liko Tabata, Dar es Salaam, na tatizo lake ni sailensa, yaani kasi ya injini usipokanyaga mafuta, inayopanda na kushuka yenyewe. Kila hatua ikikamilika naiandika hapa pamoja na bei yake. Hatua zisizozaa matunda naziandika kwa urefu zaidi, maana huko ndiko pesa za watu zinakopotelea. Mwenye Corolla 110, Carina ya zamani, Spacio ya kwanza au Starlet anaweza kuifuata hatua kwa hatua, kwa kuwa injini hizi (4A-FE, 5A-FE, 7A-FE, 4E-FE) kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani zinapima hewa kwa njia moja.

## 1 Februari 2025: Hali ya gari

Gari ni la dada yangu. Asubuhi linawaka bila shida, sailensa inakaa juu, kama mizunguko 1,900 kwa dakika, na inatulia hapo hapo. Injini ikishapata joto, mshale wa mizunguko hautulii tena: unapanda hadi karibu 1,800, unaporomoka hadi 1,100, unapanda tena. Ukiweka D huku umekanyaga breki, hali hiyo inakoma na mshale unakaa kwenye 1,000 na kitu. Ukiwasha AC inapungua au inakoma kabisa. Ukirudisha N, inaanza upya.

Kwenye foleni hii ni hatari. Gari la otomatiki lenye sailensa ya juu linasukuma lenyewe. Dada anakaa Buguruni mguu umemganda kwenye breki, na akilegeza kidogo bampa linamfuata bodaboda aliye mbele. Tumekubaliana halitembei mpaka lipone.

Kabla ya kufika kwangu lilipita kwenye gereji tofauti. Zilibadilishwa plagi nne (40,000), waya za plagi (45,000) na valvu ya sailensa ya mtumba (70,000), ukiongeza ufundi 60,000. Jumla shilingi 215,000, na mshale ukabaki vile vile. Pendekezo la mwisho lilikuwa hili: "Boss, hiyo kontroli boksi imechoka. Tafuta used, laki mbili na nusu, tunafunga leo leo." Boksi hilo, yaani kompyuta ya injini, halijanunuliwa. Jambo moja jema: dada aliitunza valvu ya zamani kwenye buti. Atakayefuata shajara hii naye adai vifaa vyake vya zamani kila anapobadilishiwa, kwa sababu ndivyo vitakavyokuambia baadaye kama kipya kilileta tofauti.

## 8 Februari: Taa ya injini, kisha nozeli

Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko, na ndani ya mfuniko yameandikwa majina ya matundu. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu jinsi taa ya injini inavyokonyeza. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya presha ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye injini), 41 ni sensa ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli ya mafuta), 21 ni sensa ya oksijeni. Yetu ilikonyeza kwa mwendo mmoja bila kupumzika, maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapogeukia kontroli boksi. Inafaa kujua kwanza kwa nini taa inaweza kunyamaza wakati injini inahangaika hivi.

5A-FE haina kipima hewa kwenye bomba la filta. Ina sensa ya presha iliyounganishwa kwa kimpira na manifoldi, na kompyuta inakadiria kiasi cha hewa kutokana na presha hiyo pamoja na mizunguko ya injini. Hewa ikiingia kwa mlango wa wizi baada ya throto, presha ndani ya manifoldi inapanda, sensa inaiona, kompyuta inaongeza petroli ya kulingana nayo. Mchanganyiko unabaki sawa na injini inaunguza vizuri, ila inazunguka kwa kasi kuliko mguu ulivyoagiza. Kompyuta haina sababu ya kuwasha taa, hesabu zake zote zimekaa. Kwenye gari lenye kipima hewa, tundu hilo hilo lingeleta misi (injini kukatakata) na kuzimika ovyo. Ndiyo maana ushauri wa gari moja haubebwi mzima mzima kwenda gari jingine.

Sasa, kwa nini mshale upande na kushuka badala ya kubaki juu tu? Mguu usipokuwa kwenye pedeli na mizunguko ikawa juu ya kiwango fulani, kompyuta inachukulia kwamba gari linashuka mteremko au linapunguza mwendo, inakata petroli. Mizunguko ikishuka vya kutosha, inairudisha. Injini yetu ina hewa ya kuifikisha kwenye kiwango cha kukata. Inakatiwa, inaanguka, inarudishiwa, inapanda tena. Ikiwa baridi, kiwango hicho kinakuwa juu zaidi, na ndiyo maana asubuhi inatulia kwenye 1,900. D na AC zinaituliza kwa kuwa mzigo unaizuia isifike huko.

Hayo yote ni maelezo mazuri lakini yalihitaji ushahidi. Injini ikiwa ya moto na mshale unapanda na kushuka, niliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa nozeli ya kwanza, kifaa kinachopulizia petroli kwenye injini, na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Tik-tik-tik-tik, haraka na kavu. Mshale ukagusa 1,800, kimya. Mngurumo ukaanguka, na kwa muda wa kupepesa jicho hakukuwa na mlio wowote ndani ya nozeli, kisha tik-tik-tik ikarudi. Nozeli ya pili, ya tatu na ya nne zilifanya vile vile, zote zikinyamaza kwa pamoja. Nilimwomba fundi mzee wa jirani naye asikilize. Akasikiliza kwa muda mrefu, akahamisha bisibisi mara mbili, akasema: "Mwanangu, hii inakatiwa mafuta. Nozeli hazina kosa, zinatii amri." Nikamjibu, "Nashukuru mzee, basi tutafute inakoingilia hewa."

Uthibitisho wa pili ulikuwa sensa ya throto, ile yenye waya nne. Ukichomoa soketi yake, kompyuta haioni tena kwamba kipepeo, kile kibati cha ndani ya throto, kimefungwa, kwa hiyo haikati. Nilipoichomoa mshale ulipanda hadi 2,000 na kidogo ukasimama wima. Baada ya kipimo hiki namba 41 inahifadhiwa, unaifuta kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika huku swichi imefungwa.

Gharama ya siku hii: hakuna. Yeyote mwenye tatizo hili anaweza kufanya vipimo hivi viwili kabla ya kwenda kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kutafuta spea.

## 9 Februari: Thamostati haipo

Dada alikuwa amesema jambo lililowachanganya mafundi wote: akitoka Tabata usiku barabara ikiwa nyeupe, gari halipandi na kushuka, linakaa juu tu. Kwenye foleni mchana, linaanza. Niliamua kufuatilia hilo kwanza.

Nilipima sensa ya joto la maji kwa mita. Asubuhi, kwenye joto la kawaida la Dar la nyuzi 30 hivi, ilisoma kilo-omu 1.7. Baada ya injini kuungurumishwa ikiwa imesimama mpaka feni ikawaka, ilisoma 0.3. Hizo ni namba za sensa nzima: kwa Toyota za wakati huo nyuzi 20 ni kati ya 2 na 3, nyuzi 80 ni kati ya 0.2 na 0.4. Baada ya mzunguko wa mwendo kasi Barabara ya Mandela nilisimama nikapima tena, ikasoma 0.6. Sensa ilikuwa inasema kweli: injini ilikuwa baridi, nyuzi 60 hivi, baada ya safari.

Tukafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu.

Hii ni desturi ya gereji zetu nyingi, na ninaipinga kwa moyo wote. Gari likichemka siku moja, thamostati inatolewa na kutupwa kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitaji kitu hicho. Kazi ya thamostati ni kufikisha injini haraka kwenye joto lake na kuizuia isishuke chini ya hapo. Bila hiyo, kila upepo unapopita kwenye rejeta injini inapoa, kompyuta inaamini bado ni asubuhi, inaongeza petroli na kuinua sailensa. Mafuta yanakwenda bure na oili inachakaa kabla ya wakati. Kama gari linachemka, tafuta sababu ya kuchemka.

Thamostati mpya ya nyuzi 82 na raba yake: 30,000. Kulanti lita tano: 30,000. Kumbuka kuifunga ile pini ndogo ya kutolea hewa ikiwa juu, na kamwe usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Matokeo: sasa mshale unapanda na kushuka kila wakati injini ikipata moto, usiku na mchana, foleni au barabara nyeupe. Kwa macho ya dada gari limezidi kuharibika. Kwangu hii ni hatua kubwa, kwa sababu dalili sasa ni moja na haigeuki.

## 15 Februari: Kusafisha throto

Throto ilitolewa ikasafishwa kwa kopo mbili za dawa ya kabureta (20,000), ikarudishwa na gasketi mpya (10,000). Valvu ya mtumba na ile ya zamani zote zilisafishwa na kufungwa kwa zamu. Mwendo wa mshale ulikuwa ule ule kwa zote mbili. Yaani zile 70,000 zilinunua kifaa ambacho gari lilikuwa nacho tayari, kizima.

Kilichopatikana ni kingine. Skrubu ndogo inayozuia kipepeo cha throto kisijifunge kupita kiasi huwekwa kiwandani na kutiwa alama ya rangi. Rangi ya yetu ilikuwa imepasuka na skrubu imeingizwa ndani. Kuna mtu aliinua sailensa kwa skrubu hiyo, nadhani wakati injini ilipokuwa ikizimika na AC, na hakuigusa tena. Nimeiacha kwanza. Ukirekebisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilifanya kazi.

## 22 Februari: Kubana mipira, kisha kuziba throto

Nimenunua geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, 50,000. Ni bei kubwa kwa gari moja, lakini inakaa miaka. Mshale wake ulikuwa unacheza pamoja na injini kati ya inchi 14 na 20 za zebaki, na usiposimama huwezi kuusoma kitu. Geji hii itakuwa na maana baadaye.

Kazi ya siku ilikuwa mipira. Injini ikiwa inapanda na kushuka, unabana mpira mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa, unatazama mshale. Mpira wa basta ya breki: hakuna badiliko. Wa kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli: hakuna. Wa regyuleta ya petroli: hakuna. Wa sensa ya presha haubanwi, unakaguliwa kwa macho na vidole. Wetu ni mzima, na sensa yenyewe inatoa volti 3.6 swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, ambayo ni sawa kwa mji wa usawa wa bahari. Ule unaotoka kwenye valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi, ulikuwa umekauka kama ganda la muhogo na una ufa kwenye shingo. Valvu ya PCV 15,000, mipira ya vakyumu mita mbili 8,000. Mshale ulishuka kama 100 hivi. Bado ulipanda na kushuka.

Kisha kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Toa bomba la filta ili mdomo wa throto ubaki wazi. Ndani yake utaona kipepeo, na kabla yake kitundu cha hewa ya valvu ya sailensa. Injini ikiwa inaunguruma, funika mdomo wote kwa kipande cha raba nene kilichobandikwa juu ya ubao. Usitumie kiganja, mvuto wake ni mkali, na usitumie kitambaa, kitamezwa. Injini isiyovuja hewa inapaswa kuzimika hapo hapo, maana umeifungia njia zake zote za kupumua.

Yetu haikuzimika. Iliacha kupanda na kushuka, ikatulia kwenye 1,000 na ikaendelea kuunguruma huku mdomo umezibwa.

Jibu hilo lina sehemu mbili. Kuna hewa inayopita throto kwa wingi kuliko inavyotakiwa, ndiyo ile skrubu. Na kuna hewa ya kutosha kuiendesha injini inayoingia baada ya throto, mahali ambapo hakuna mpira wowote. Panapobaki ni gasketi ya manifoldi na chini ya nozeli. Nilipulizia maji ya sabuni kwa chupa kwenye ukingo wote wa gasketi ninaoweza kuufikia. Mshale haukubadilika popote. Watu wengi hupulizia dawa ya kabureta badala ya maji. Siwashauri, kwa kuwa manifoldi ya ekzosi iko upande wa pili wa injini hiyo hiyo na dawa ile inawaka moto.

## 1 Machi: Moshi

Mashine ya moshi ya gereji ni ghali, kwa hiyo imetengenezwa ya nyumbani kwa shilingi 6,000. Kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana, valvu ya tairi kwenye mfuniko kwa ajili ya pampu ya baiskeli, na bomba la kutolea moshi. Ndani, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mafuta ya nazi na kuachwa kifukute bila mwali. Moshi haupelekwi moja kwa moja kwenye injini. Unapita kwanza ndani ya chupa ya maji ili cheche yoyote ife humo, ndipo uende kwenye mpira wa basta ya breki. Gari lilikuwa limelala usiku mzima, fyuzi ya EFI imetolewa, kopo liko mbali kadiri bomba linavyofika, na kizima moto kiko karibu. Mvuke wa petroli ndani ya manifoldi ni kitu cha kuheshimu. Asiyeweza kutimiza masharti haya yote asifanye.

Mdomo wa throto ulizibwa kwa ile raba. Pampu taratibu, usitafute presha. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Baadaye uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka mguuni mwa nozeli ya tatu, ukafuatiwa na mwingine kwenye ya pili. Kwa tochi na kioo kidogo, ya nne nayo ilikuwa inavuja, moshi ukilamba upande wa chini ambao maji ya sabuni hayakuufikia. Ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa kavu. Gasketi ya manifoldi haikutoa moshi hata kidogo.

Kila nozeli inakaa juu ya raba nene ya mviringo inayoziba tundu lake, na juu yake ina oringi (raba nyembamba ya duara) upande wa reli, bomba linalozigawia nozeli petroli. Raba hizi zimekaa kwenye joto la injini tangu 1998. Nilipoigusa ya tatu kwa ncha ya bisibisi ilikatika kama makaa.

## 8 Machi: Gundi

Fundi aliyekuja kutoa reli alikuta raba hazipatikani kwenye maduka ya karibu, tukakubaliana kujaribu gundi nyekundu ya silikoni (5,000) juu ya raba za zamani ili dada apate gari la kwenda kazini. Ilikauka usiku kucha. Siku iliyofuata sailensa ilitulia kwenye 1,300, haikupanda wala kushuka.

## 15 Machi: Gundi imeshindwa

Haikumaliza wiki. Mshale umerudi kwenye mchezo wake. Nozeli zilipotolewa, gundi ilikuwa imevimba na kulainika, inachubuka kwa ukucha. Silikoni ya kawaida na petroli havikai pamoja. Vipande vyake vingeweza kuvutwa hadi kwenye valvu za injini. Vyote vimekwanguliwa kwa kijiti cha mbao, na matundu yamefutwa mpaka chuma kikang'aa. Usiweke gundi ya aina yoyote hapa.

## 22 Machi: Raba mpya

Raba nne zilipatikana kwa kuagiza, 7,000 kila moja (28,000), pamoja na oringi na gromiti zake, seti nne kwa 20,000. Ufundi wa kutoa na kurudisha reli 50,000. Mambo matatu yaliyochukua muda:

Presha ya petroli inaondolewa kwanza: chomoa waya wa pampu, washa injini mpaka izimike yenyewe, ndipo ufungue bomba, na kitambaa kiwe tayari chini.

Oringi inapakwa petroli kidogo au oili nyepesi kabla ya kuingia. Ikiingia kavu inakatika mdomo na petroli itavuja juu ya injini ya moto. Baada ya kufunga, kila nozeli inapaswa kuzungushika kwa vidole. Isiyozungushika, oringi yake imejipinda, itoe uanze tena. Ya pili ilitulazimu kuirudia.

Kabla ya kuwasha, rudisha waya wa pampu, unganisha matundu ya +B na FP kwenye kile kiboksi cheusi ili pampu izunguke, fungua swichi na uguse kila kiungo kwa kidole kikavu. Ukinusa petroli, usiwashe.

Iliwaka. Ikapata moto, feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mshale ulikaa kwenye 1,150 bila kutikisika. Kipimo cha ubao na raba kilirudiwa: nilipoziba throto, injini ilizimika papo hapo. Hiyo ndiyo sauti niliyoitafuta tangu Februari.

## 29 Machi: Skrubu ya kipepeo, na hewa kwenye maji

1,150 ilikuwa bado juu, na sababu ilikuwa inajulikana. Skrubu ya kipepeo ilirudishwa nyuma mpaka kipepeo kikajifunga kabisa, kisha ikasogezwa mbele mpaka kikaachia tu bila kukwama. Sensa ya throto ikalegezwa na kuwekwa upya kwa mita, ili swichi yake ya ndani ifunge pale tu kipepeo kinapofunga. Valvu ya zamani, ile iliyotoka kiwandani na gari, ndiyo iliyorudishwa.

Sailensa ikashuka hadi 750, halafu ikaleta kitu kipya: mawimbi madogo, 700 hadi 950, polepole sana. Ungeweza kudhani raba zimeshindwa tena. Lakini bisibisi kwenye nozeli ilisema vingine, mlio haukukatika hata mara moja. Kompyuta haikuwa inakata petroli, ilikuwa inafuata joto linalobadilika. Kwenye throto hii maji ya rejeta yanapita karibu na valvu ya sailensa, na mipira yake ilikuwa imefunguliwa. Hewa ilibaki ndani. Tulipandisha pua ya gari kwenye mteremko, mfuniko wa rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi, hita imewekwa kwenye moto, tukaiacha iungurume huku kulanti ikiongezwa kila povu lilipotoka. Mapovu yalipokoma, mawimbi yalikoma pia.

Vipimo vya mwisho, injini ikiwa ya moto: N 750, D 700, AC ikiwa imewashwa 900. Geji ya vakyumu imesimama kwenye inchi 19. Muda wa moto (wakati plagi inapotoa cheche), TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele, haukuhitaji kuguswa. Ukiunganisha TE1 na E1 injini ikiunguruma, sailensa inapanda kidogo kwa sekunde chache kisha inarudi, na hiyo ni ishara kwamba valvu inatii kompyuta.

## 26 Aprili: Barabarani, na gharama

Mvua za masika zimekuwa kipimo kizuri, foleni ndefu, AC na taa zote zikiwaka. Hakuna badiliko. Sikukuu ya Muungano gari limekwenda Morogoro na kurudi, karibu kilomita 385, kwa lita 30 kujaza tangi hadi tangi. Kabla ya hapo dada alikuwa akipata kilomita 8 kwa lita mjini, sasa anapata zaidi ya 10. Sehemu kubwa ya nafuu ya mjini naihesabu kwa thamostati.

Mradi mzima umekula shilingi 272,000. Ukitoa geji, gundi, usafishaji wa throto na kopo la moshi, kilichoponya gari ni raba, oringi, ufundi wa nozeli, PCV na mipira yake, thamostati na kulanti: 181,000. Raba zenyewe ni 28,000 tu. Hazimo kwenye hesabu hii zile 215,000 za mwanzo.

Dada amenunua kizima moto kidogo cha kukaa ndani ya gari na ameomba nimfundishe kusikiliza nozeli kwa bisibisi. Tayari anaweza.

Kinachobaki ni jasho la oili kwenye kitako cha distributa, kigawa umeme wa plagi, limeonekana tulipokuwa na tochi kwenye reli. Oringi yake imeagizwa. Itaandikwa hapa ikifungwa.